Wembe wa Pikipiki

Kwako Baba Osmunda,

Nimechoka, na sina namna nyingine ya kuanza barua hii. Pikipiki yako, ile ya matairi ya meno waliyokuuzia ofisini walipokupunguza kwenye kazi ya ubwana shamba, wiki iliyopita nilitaka kuiuza nipumzike. Ndiyo, kuiuza. Usinikunjie uso huko uliko.

Tangu tukuzike naiendesha mimi. Naenda Maposeni kununua mahindi, narudi nyumbani Bombambili na gunia nyuma. Miaka hii ya ruksa kila mtu mfanyabiashara, na ukichelewa kufika kwa wakulima unakuta wenzako wameshazoa. Mwanzoni watu walinishangaa, maana walizoea kuona masista tu juu ya pikipiki. "Tumsifu Yesu Kristo, sista!" wananisalimia njiani, nami naitikia milele amina, gunia likinisukuma mgongoni.

Unazikumbuka Jumapili zetu? Ulisema injini ipimwe ikiwa imepoa kabisa, kwa hiyo kazi ya valvu ilikuwa asubuhi, kabla ya misa ya kwanza. Kipimo hukuwa nacho, ukatumia wembe. Wembe uleule wa ndevu! Mimi nazungusha injini polepole mpaka valvu zote mbili zijifunge, wewe unalegeza nati, unapitisha wembe kati ya skrubu na kichwa cha valvu. "Upite ukikwaruza, Mama Osmunda. Usikwame, wala usiogelee." Unakaza nati, halafu unapima tena, kwa sababu nati huivuta skrubu kidogo. Kengele inalia, nakuharakisha, nawe unanijibu bila hata kuinua kichwa kwamba padri ana misa nyingine saa nne.

Siku moja ukaanza na injini, ukamalizia na kidevu. Loo! Nageuka kukupa amani kanisani, naona oili nyeusi imekushuka mpaka kwenye kola. Nilicheka mpaka katekista akakohoa. Tangu siku hiyo nikawa nanunua nyembe mbili, mmoja wa kidevu, mmoja wa injini, na nikakuapia kwamba ukizichanganya utalala jikoni.

Basi wiki iliyopita akaja mnunuzi wa kahawa kutoka Mbinga. Mtu mstaarabu, ananiita dada. Akapiga kiki, ikawaka hapohapo. Nikasema moyoni, asante Mungu, mgongo wangu umepona. Kumbe bado. Akainamisha sikio.

"Dada, mbona inagonga? Huu tik tik tik ni ugonjwa gani?"

"Si ugonjwa. Ni nafasi ya valvu hiyo, inatakiwa iwepo."

"Hapana bwana. Ikaze inyamaze. Jumapili nakuja kuichukua."

Skrubu mbili tu, mwenzangu! Jumapili asubuhi nikafungua kifuniko, nikakaa pale na bisibisi. Ningekaza mpaka wembe usipite, ingenyamaza kama mtoto aliyeshiba, naye angeondoka anaimba. Halafu valvu ya moshi ingekosa kujifunga sawasawa, ingeungua, yule kaka akwame huko milimani na kahawa ya watu. Ulikuwa unaniambia kila mara, "Ikigonga kidogo niache nilale. Ikinyamaza niamshe." Jamani, nilikukasirikia! Kama usingenifundisha, ningekaza bila kujua, ningeuza, na dhambi isingekuwa yangu. Nikalia pale chini peke yangu, mikono imejaa oili.

Nikaiweka kama ulivyokuwa ukiiweka. Wembe ulipita ukikwaruza.

Alipokuja akasikiliza, akanitazama kwa huruma. "Dada, fundi hukumpata?" Nikamwambia fundi ndiye huyu mbele yako, nikamweleza polepole kwa nini igonge. Akacheka, akaniaga vizuri tu, akaenda stendi kupanda basi.

Kwa hiyo pikipiki ipo. Kesho ni Maposeni tena, na njia imeharibika kwa mvua. Kiuno kinauma. Mwanao Osmunda amenuna, anasema mama ungekaza tu, nani angejua? Nakuhitaji, Baba Osmunda. Si kwa ajili ya injini, hiyo naiweza. Nakuhitaji uje ukae hapa, tugombane kuhusu kuchelewa misa.

Jana wembe ulikuwa umeshika kutu, nikapita dukani. Nikamwambia muuzaji anipe mbili. Ulimi ulisema wenyewe, nami sikugundua mpaka nilipofika nyumbani na kufungua mkono. Mmoja nimeutia kwenye kisanduku cha spana. Mwingine upo hapa mezani, sijui niuweke wapi.

Pumzika. Na mimi unipumzikie kidogo.

Mkeo,
Mama Osmunda