Nyumba Inauzwa, na Dalali ni Mama

Jumamosi, katikati ya Julai. Huku Mbozi baridi inakata masikio, ukungu umegoma kuondoka tangu asubuhi, na mimi nina hasira ambayo sijui niipeleke kwa nani.

Naandika kwa simu, nimekaa kwenye kochi la sebule kubwa. Zamani ukikutwa umekalia kochi hili ulikuwa unachapwa. Leo nimejikunyata juu yake na soksi zangu chafu, na hakuna wa kunigombeza.

Nianze na tangazo. Kaka yangu Gideoni alilirusha kwenye magrupu bila kuniambia neno. Nililiona dukani kwangu Tunduma, kwenye simu ya mteja. "Nyumba ya kihistoria, enzi za mkoloni, bustani kubwa ya maua na matunda, ukikarabati inafaa loji." Mteja ananionyesha kwa furaha, anasema eti dada, watu wana mali jamani. Hajui kwamba hapo ndipo kwetu.

Kihistoria! Mzungu wa kahawa aliijenga, babu akiwa nyapara wake. Mzungu akaondoka, nyumba ikapita mikono ya watu, mwisho baba akaipata. Na alipoipata, baba hakuishi ndani yake kama watu wengine wanavyoishi kwenye nyumba zao. Aliitunza.

Nyumba kubwa ilikuwa ya wageni. Wachungaji, maofisa, wakwe. Moshi wa kuni usiingie. Ugali usiingie. Miguu yenye matope ya shambani isikanyage sakafu ya mbao. Sisi watoto tulilala vyumba vya uani walikolala watumishi wa Mzungu. Baba alilala ndani, ili mgeni akifika usiku akute mwenyeji. Mama alilala kwenye jiko la nje, kwa sababu yeye ndiye wa kuamka kuwasha moto.

Kwa majirani wengi ilikuwa hivyohivyo, sebule nzuri ni ya mgeni. Ila wao walifungia chumba kimoja. Sisi tulifungia nyumba nzima.

Baba akafariki. Nyumba ikabaki inafagiwa kila siku, vitanda vimetandikwa, hakuna wa kulala.

Basi leo mnunuzi alikuwa anakuja kuangalia. Nimefika kabla yake, kwa basi hadi Mlowo halafu bodaboda, na nilikuja na nia mbaya, sifichi. Kichwani nilishaamua kwamba Gideoni anamburuza mama, anamtoa kwenye nyumba yake uzeeni, na mimi ndiye mtetezi wake.

Mnunuzi mwenyewe, Bwana Shabani, ni mtu wa Kigoma, ana malori pale Tunduma. Mpole, anaongea taratibu. Nikampa maelezo ya upande mmoja tu, na yote yalikuwa ya ubaya. Nikamwonyesha vigae vinavyovuja masika. Nikabonyeza fremu ya dirisha la nyuma, kidole kikazama, mchwa. Nikamwambia bomba la moshi limezibwa na viota, ukiwasha moto sebuleni mnatoka mnakohoa. Gideoni alinikanyaga mguu kwa makusudi. Nikaongeza habari ya barabara wakati wa mvua.

Mgeni akaanza kujikuna shingo. Nikajua nimeshinda.

Ndipo mama akatoka jikoni, anajifuta mikono kwenye kitenge. Akapokea shikamoo ya mgeni, kisha akaiuza ile nyumba mbele ya macho yangu.

Alimpeleka kwenye chemchemi nyuma ya mipichi, akamwambia haijawahi kukauka. Akamwonyesha mawaridi, lipi linataka kukatwa lini. Akamwambia mbao za sakafu ni ngumu, ndoo ya maji ikimwagika zinakauka zenyewe. Vigae vibovu akavitaja kimoja kimoja viko upande gani, akasema fundi atamaliza haraka. Mama yangu, ambaye kwenye vikao vya ukoo hukaa na kusikiliza tu, leo anatangulia na funguo.

Nikamvuta pembeni ya tangi la maji. Nikamwambia kwa Kinyiha, mgeni asielewe, kwamba asiogope, asimruhusu Gideoni amlazimishe, hapa ni kwake.

Akanijibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika na wote.

"Neema, mimi ndiye niliyemtuma kaka yako. Nataka vyumba viwili Mlowo, karibu na zahanati. Kama wewe unaitaka hii, hamia leo. Funguo hizi hapa."

Akaninyooshea. Moja kwa moja nikafikiria duka langu, mume wangu, shule ya watoto, nikatazama chini kama mwanafunzi. Mama akarudisha funguo mfukoni. Hakuonekana kushangaa, na hilo ndilo lililoniuma.

Bwana Shabani alikuwa amekwisha kuzunguka vyumba vyote vitano. Kwa adabu tu akauliza, "Na wewe mama, chumba chako ni kipi?"

Mama akaonyesha jiko.

Mgeni akalitazama jiko, ukuta mweusi, paa limekaa chini. Akaitazama nyumba. Halafu akatutazama mimi na Gideoni, watu wazima wenye nyumba zao za vigae. Afadhali angetutukana.

Amekubali kununua. Kabla hajaondoka akamwambia mama achukue chochote anachokipenda ndani, viti, kabati, hata miche ya mawaridi. Nilidhani atataka kiti cha baba.

"Sitaki kitu," mama akasema. "Naomba tu nilale humo leo, kile chumba chenye dirisha kubwa. Kabla hujakabidhiwa."

Anamwomba mgeni! Bwana Shabani aliona haya mpaka akavua kofia. Akamwambia mama, nyumba bado ni yako. Mama akamshukuru, kana kwamba amepewa ruhusa.

Nimemtandikia mwenyewe. Shuka za wageni, zina harufu ya dawa ya nondo, mikunjo yake haijawahi kunyooshwa na mwili wa mtu wa nyumba hii. Mama ameoga, amevaa gauni la kanisani. Akakaa ukingoni mwa kitanda, viatu kavishika mkononi, akaniuliza aviweke wapi.

Nilitoka nikalia kwenye korido. Nimemkasirikia baba, nimemkasirikia Gideoni aliyejua kabla yangu, nimemkasirikia hata mama. Angesema! Mwaka mmoja tu kati ya miaka hiyo yote angesema nasikia baridi.

Ila na mimi nilikuwa na macho. Kila Krismasi nilikuja, nikapiga picha kwenye mawaridi, nikala chakula kilichotoka kwenye lile jiko, nikaondoka.

Kesho Jumapili, kengele ya kwanza hupigwa mapema, na mama hajawahi kuikosa. Wakiniuliza kanisani yuko wapi, nitawaambia amelala ndani. Mimi simwamshi.