Mtupo wa Mkono Mmoja

Kilosa,
Jumapili, siku ya tatu tangu turudi kutoka Iringa.

Dada Hadija,

Shikamoo. Najua hapo ulipo umeshakunja uso kabla hujaitikia, lakini marahaba yako nitaipokea hata ikija na mnuno. Simu umenikatia mara tatu, kila nikianza kutaja mpira, nikaona bora niandike, maana karatasi haikatwi. Ukiitupa uani, kaka Issa ataiokota na kukusomea kwa nguvu mpaka jirani asikie.

Niambie kwanza hali yako. Kifua kimetulia, au bado unasimama chini ya mikorosho wakati wa kupuliza salfa bila kufunga kitambaa puani? Na mama yetu, magoti yanamruhusu kuinuka mwenyewe asubuhi? Sisi huku wazima. Mwanao Rehema mzima kabisa, tena amenenepa kidogo, usiwasikilize watakaokwambia amekonda. Barua hii inaletwa na mwalimu wa hapa anayekwenda likizo kwao Masasi. Ataipandisha basi la Newala na Issa ataipokea stendi.

Sasa nikae vizuri nikwambie nililolificha, usije ukaambiwa na watu wengine. Rehema hakuacha mpira wa kikapu. Mwaka jana, alipofeli lile somo moja, uliniagiza kwamba nikimwona tena na mpira nimpandishe basi la kwanza arudi Newala, nami nikakujibu, "Ameacha, dada." Nilikudanganya. Aliacha wiki mbili tu. Wiki ya tatu akanifuata jikoni chuoni, nikiwa nasonga ugali wa wanafunzi na jasho linanitoka, akasema, "Mama mdogo, nikilifaulu lile somo, utaninyamazia?" Nikamwambia afaulu kwanza ndipo tuongee. Akalirudia, akafaulu, tena vizuri. Karatasi ya matokeo nimeikunja humu ndani ya bahasha, itazame kwa macho yako. Nami nikanyamaza. Kosa hilo ni langu, si lake. Kama ni kuchapa, uje unichape mimi na unene wangu huu.

Tena ningekuwa nimenyamaza tu, ingekuwa nafuu. Ukweli wote ni kwamba nimekuwa shabiki, na si shabiki wa kukaa nyuma.

Chuo chetu unakijua kwa maneno yangu: ni cha uuguzi, kidogo, wasichana wote wakikaa kula wanaenea kwenye mabanda mawili. Uwanja wao wa kikapu ni sakafu ya saruji yenye ufa katikati, na ringi moja imeinama. Hakuna aliyetegemea kitu. Lakini walipowafunga wenzao wote wa mkoa na ikasemekana wanakwenda mashindano ya taifa ya vyuo, wanawake wa sokoni wakaanza kuja jioni kutazama mazoezi. Kiongozi wetu ni Mama Edina, Mkaguru wa Lumuma, anauza vitunguu. Yeye ni Mwanglikana na anapiga ngoma ya kwaya, na kasisi amemruhusu aitoe kwa sharti isirudi imepasuka. Mimi Mwislamu wa Newala napiga vigelegele. Ndivyo tulivyo, na tunaelewana kuliko unavyofikiri.

Shida ni moja: hakuna kati yetu aliyeujua mchezo wenyewe. Sisi tunajua netiboli. Kila mwanamke wa umri wetu aliicheza shule ya msingi, na kwenye netiboli ukidaka mpira unasimama, huruhusiwi kutembea nao. Basi hawa wasichana wakikimbia huku wanaudunda mpira chini, sisi tunapiga kelele, "Stepi! Stepi!" Tunawashtaki watoto wetu wenyewe kwa refa. Mwalimu Festo, kijana mpole anayewafundisha, alikuja kutuomba. "Mama zangu, kwenye mchezo huu wanaruhusiwa kukimbia nao." Mama Edina akamjibu, "Wakimbie nao kama wezi wa kuku? Sisi hatukufunzwa hivyo." Yule kijana akarudi zake anatikisa kichwa. Na jambo jingine la netiboli hatukuliacha: mfungaji akisimama kulenga goli, sisi wote kimya, hata mtoto mchanga anazibwa mdomo kwa titi.

Mashindano yalikuwa Iringa. Timu ilikwenda na basi dogo la chuo, nafasi ya mashabiki haikuwepo. Mama Edina akapata fuso iliyokuwa inakwenda tupu kuchukua nyanya Ilula, dereva akakubali kutufikisha mpaka mjini. Tukapanda wanawake kumi na mmoja na ngoma moja. Tulipita kijiji cha Ulaya watu wanasukuma baiskeli kwenda gulioni, wakadhani tunakwenda msibani, mpaka waliposikia vigelegele. Tulipofika Mikumi springi ikakatika. Saa nne asubuhi ile mechi ya kwanza ilikuwa inaanza, nasi tumekaa kwenye mawe mbele ya fundi wa matairi.

Tukampigia simu matroni wa chuo, aliyekuwa uwanjani. Fundi akaitumbukiza simu yangu kwenye sufuria tupu ili sauti itoke, na madereva wa malori waliokuwa wanasubiri kuzibiwa pancha wakajisogeza kusikiliza. Sasa matroni naye ni hodari wa kupima presha, lakini mpira haujui. Anatangaza hivi: "Wanao mpira. Sasa hawanao. Wanao tena. Rehema ameanguka. Hapana, ni mwingine." Tunamuuliza nani anaongoza, anajibu, "Ngojeni, wameandika juu sana na miwani nimeiacha bwenini." Dereva mmoja wa lori la mbao akashika kichwa. Akatuambia hata mechi za timu yake ya mpira wa miguu hazijawahi kumtesa namna ile. Mwishoni tukasikia kelele kwenye sufuria, na matroni anasema, "Nadhani tumeshinda, maana wetu ndio wanaokumbatiana." Fundi alituwekea springi akisema tumpe salamu namba saba. Namba saba ni Rehema.

Mlima wa Kitonga tulipanda tukiimba. Iringa yenyewe ni baridi, dada, nilijifunga kanga tatu na bado meno yanagongana. Nilikuwa uwanjani mechi ya pili, nikamwona mwanao kwa macho yangu akicheza mbele ya watu wa mikoa yote. Sijui nikwambieje. Yule mtoto anayeongea kwa sauti ya chini mpaka umwombe arudie, ndani ya uwanja anawaelekeza wenzake kwa kidole na wanamtii. Tulishinda, tukaingia nusu fainali.

Hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo limeninyima usingizi. Nusu fainali tulikutana na wasichana wa Mwanza, warefu, chuo chao kikubwa. Tulikwenda nao bega kwa bega mpaka mwisho, tunaongoza kwa pointi moja, zimebaki sekunde chache. Rehema akaupora mpira katikati ya uwanja, akakimbia nao, mbele yake hakuna mtu. Mimi nikaziona zile hatua, moja, mbili, tatu, nne, damu ya netiboli ikanipanda kichwani, nikapiga kelele, "Simama, Rehema!" Ile sauti ninayoitumia jikoni maji ya moto yakitaka kummwagikia mtu.

Akasimama. Ulimlea kusikia wakubwa, naye akasikia. Alisimama pale ameushika mpira kwa mikono miwili, akageuza uso kunitafuta, na wale wa Mwanza wakampokonya, wakaenda wakafunga. Filimbi ikalia. Tukafungwa kwa pointi moja, na pointi hiyo niliitoa mimi.

Nilitaka ardhi inimeze. Rehema akaja upande wetu, akaniuliza, "Mama mdogo, kwa nini uliniambia nisimame?" Nikamwambia, "Nilidhani ni stepi, mwanangu." Akacheka huku machozi yanamtiririka. Mimi sikucheka. Mama Edina akakaa kitako karibu yangu, akasema, "Usijipige sana. Hata mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo, wewe umenitangulia tu." Ni mwanamke mwema huyo, siku moja utamjua.

Kesho yake walicheza kumtafuta mshindi wa tatu. Nilimwambia Mama Edina mimi nabaki nje, akanivuta kwa kanga. Mechi ikaenda vilevile, kwa kubanana, na dakika ya mwisho tuko nyuma kwa pointi moja. Rehema akasukumwa akiwa analenga, refa akampa mitupo miwili, atupe peke yake bila mtu kumzuia. Mashabiki wa wale wengine wakaanza kugonga madebe ili atetemeke. Ndiyo desturi ya mchezo huo, kumbe. Mama Edina akailaza ngoma chini. Sisi wote kumi na mmoja tukanyamaza, mikono mapajani, kama tulivyofundishwa. Mimi nilijiziba mdomo kwa kanga mpaka nikakosa pumzi.

Dada, usikilize jinsi anavyotupa. Wenzake wote wanatumia mikono miwili, mmoja unasukuma na mwingine unaongoza, wanaruka juu. Rehema haruki. Anauweka mpira juu ya kichwa kwenye vidole vya mkono mmoja, mkono mwingine ameushusha ubavuni, anakunja magoti kidogo, anatulia, anauachia. Mwalimu Festo alimkataza mtupo huo mwezi mzima, akashindwa. Wa kwanza ukaingia bila kugusa chuma. Wa pili ukaenda kushoto, ukagonga ringi, ukazunguka, ukazunguka tena, ukaingia. Mimi sikuuona, nilikuwa nimefumba macho, nilisikia tu Mama Edina ananikanyaga miguu. Tumekuwa wa tatu Tanzania nzima, chuo chenye ringi iliyopinda.

Baadaye tulikaa kwenye nyasi tunakula mahindi ya kuchoma. Mwalimu Festo, ambaye siku zote alikuwa anamkataza tu, siku hiyo ndipo alipokumbuka kumuuliza. "Hivi mtupo ule alikufundisha nani?" Rehema akajibu, "Mama." Mimi nikaingilia, nikasema, mama yako hajagusa mpira tangu darasa la saba. Akaniangalia kwa upole, akasimulia. Kwamba mwaka aliofariki shemeji, ulipokuwa umekaa eda, miezi minne na siku kumi hutoki nyumbani, yeye alikuwa na miaka sita na analia kila siku. Kwamba alasiri ulikuwa unafunga mlango wa uani kwanza, majirani wasione mjane anacheza. Unatundika tenga lililotoboka kitako kwenye nguzo ya jiko, unachukua mpira wa matambara, unamshika kiwiko na kumwambia, "Mkono mmoja, magoti, tulia, achia." Na kwamba ndipo alipokuona unacheka mara ya kwanza tangu mazishi.

Nilijificha nyuma ya ngoma nikalia, nakwambia kweli. Kwa sababu nilikumbuka. Mimi nilikuwa mdogo, sikuwahi kukuona ukicheza, lakini nakumbuka siku baba, Mungu amrehemu, alipokataa usiende Mtwara na timu ya netiboli ya shule. Ulikaa nyuma ya jiko ukilia, nikakuletea uji ukakataa. Umekuwa ukituambia miaka yote kwamba mpira haukukupa kitu. Dada, ulinyimwa, ndiyo maana haukukupa. Nimekuogopa maisha yangu yote na hata sasa nakuogopa, lakini hili nimeliandika na silifuti.

Rehema hajui kudanganya kama mimi. Tuliporudi Kilosa aliifua jezi, akaikunja, akaniletea. Anasema hataigusa mpaka wewe useme, na ukisema aache, ataacha. Iko kwenye sanduku langu, chini ya vitenge. Siku hizi tatu jioni anakaa dirishani anasoma, na kila mpira ukidunda kule nje anapoteza mstari. Mwaka ujao ndio wake wa mwisho chuoni. Masomo nayasimamia mimi, na safari hii sikudanganyi.

Mpe mama yetu shikamoo yangu, umwambie ile dawa ya kuchua nitaituma kwa mtu nimwaminiye. Issa kaka yetu asiisome sehemu ya unene wangu kwa sauti. Mdogo wake Rehema apewe ile kalamu iliyomo kwenye bahasha. Na jirani yako Bi Mwanahawa, asiyepitwa na habari, msalimie sana, ingawa nina hakika ameshaisoma barua hii kabla yako.

Jambo la mwisho ameniagiza Rehema mwenyewe, nami naliandika kama alivyolisema. Anasema mpira wa kikapu ni mzito kuliko ule wa matambara, na akichoka unakwenda kushoto, kama ule mtupo wa pili. Mwalimu Festo hawezi kumsaidia maana mtupo wenyewe haujui. Anauliza: ukae kwenye vidole vitatu au vinne, na kidole gumba kielekee wapi?

Mimi sina jibu. Ukituma lako, nitafungua sanduku.

Mdogo wako,
Somoe