Baba Neema, Nimekuchagulia Hoteli

Baba Neema, mume wangu,

Nimerudi kutoka Italia. Sanduku bado liko mlangoni, na viatu vyangu vina udongo wa huko, mweupe kama unga wa muhogo. Neema ameniambia nivipanguse, nimekataa. Nimekaa jikoni hapa Hässelby, pembeni mwa Stockholm, kwenye kiti chako, nikuandikie kabla mambo hayajaanza kunitoka. Nimeiona milima yako. Sijui kama nina maneno ya kuitosha, lakini wewe ulishanizoea nikikosa maneno.

Unakumbuka ilivyoanza? Ulikuwa ukifanya kazi kiwanda cha malori huko Södertälje, na mwenzako mmoja, mzee wa Kitaliano, alipostaafu alikuachia picha aliyokuwa ameibandika ndani ya kabati lake la nguo za kazi. Ulikuja nayo nyumbani ukaiweka mezani katikati ya sahani, wala hukunawa mikono kwanza.

"Mama Neema, tazama. Milima ya huko haivai shati."

Nikatazama. Kweli ilikuwa mawe matupu, marefu, yamesimama wima kama watu walioinuka kusikiliza jambo. Ukaniambia panaitwa Dolomiti, na kwamba lazima tulale chini yake japo usiku mmoja. Tangu hapo tukaanza kuchagua hoteli.

Mimi ni mtu wa Tabora. Kwetu ni tambarare, kichuguu kikiwa kikubwa tunakipa jina. Nilidhani hoteli inachaguliwa kwa kitanda, bafu na chai ya asubuhi. Wewe mtoto wa Machame ulikuwa na swali moja tu: mlima uko upande gani? Nilikwishakuzoea. Katika ukoo wenu upande wa Kibo ndio upande wa heshima. Mkubwa hukaa upande huo, mdogo hukaa upande wa chini. Mtu haupi mlima mgongo anapokula, na akifa hulazwa uso ukiuelekea. Hata hapa Stockholm ulipima kwa dira ya simu, ukakuta Kibo iko kusini, mbele ya dirisha hili la jikoni, na siku hiyo kiti hiki kikawa chako.

Neema alikuwa akikucheka. "Pappa, pale kuna mapipa ya taka tu."

"Nyuma ya mapipa, mwanangu. Endelea kutazama."

Jumapili tukitoka kanisani ulifungua kompyuta, mimi nikamenya ndizi, na kazi ikaanza. Hukutazama nyota za hoteli wala bwawa la kuogelea. Ulikuza picha za vyumba mpaka zikawa ukungu, ukitafuta dirisha liko wapi na mto wa kitanda uko wapi. Nyingine ulizipigia simu. Nakuona bado, umesimama wima kana kwamba wanakuona, na Kiingereza chako cha kiwandani.

"Samahani, nikilala, mlima uko kichwani au miguuni?"

Yule wa upande wa pili akaanza kukueleza habari za kifungua kinywa.

"Ahsante, mayai nimeelewa. Mimi naulizia mlima."

Nilicheka mpaka kisu kikaniponyoka. Ulifunika simu kwa kiganja ukaninong'oneza, "Mama Neema, nyamaza, huyu ni mtu wa bondeni, hajui kitu." Tulichagua hoteli nyingi bila kulala hata katika moja. Kila likizo ilikwenda nyumbani: harusi, misiba, kipaimara cha watoto wa kaka zako. Hatukujuta. Ilitutosha kujua kwamba milima haina pa kwenda.

Wewe ndiye uliyeondoka. Ulikuwa umesema mapema, ukiwa na akili zako zote, kwamba ukilala ulale hapa, karibu na watoto, kwa sababu watoto ndio watakaokuja kukutembelea kaburini, si migomba ya Machame. Tukafanya hivyo. Lakini makaburi ya hapa yamepangwa kwa mistari, na mstari wako unaangalia kaskazini. Yule dada wa makaburini, mpole sana, alinieleza kwamba wote katika mstari hulala namna moja. Kulikuwa na theluji, watu walikuwa wamesimama wanasubiri, na Neema alikuwa ameshika mkono wangu kwa nguvu. Tulikulaza ulivyolala.

Jioni ile wifi Anasia alipiga simu kutoka Machame. Unamjua dada yako, hapigi kelele. Aliniuliza kama tumekula, kama kanisa lilijaa. Halafu akasema, "Wifi, kaka yangu anaangalia wapi?"

Nikamwambia kaskazini.

Akasema, "Kwa hiyo mmemfanya aupe mlima mgongo."

Akaniaga kwa upole. Ila tangu siku hiyo, kila tulipozungumza, tulipokwisha kusalimiana na kuulizana hali za watoto, alimalizia, "Na kaka bado anaangalia kulekule?" Nami nilijibu, "Kulekule, wifi." Mwisho nikaanza kuogopa simu yake ikiita. Nilimpenda, naye alinipenda, lakini kati yetu ukakaa huo mstari wa makaburi. Nikija kukuona nilisimama mbele ya jiwe lako nikasahau hata kukusalimu. Niliwaza tu kwamba mgongo wako uko upande usiofaa, na kwamba mtu wa Tabora ndiye aliyesimamia.

Basi mwaka huu kiangazi kilipokaribia, Neema alikuja kula, akaweka simu mezani. "Mamma, vi åker. Tunakwenda. Milima ya Pappa. Wewe chagua hoteli tu."

Chagua hoteli tu! Mume wangu, sikulala vizuri tangu aliposema hivyo. Yeye aliona ni safari. Mimi niliona ni nafasi. Niliwaza, nikiipata hoteli ambayo wewe mwenyewe ungeikubali, kitanda kikiwa sawa na mlima ukiwa sawa, basi nitakuwa nimekulaza vizuri walau mara moja. Sikumwambia Neema. Angenikumbatia, na mimi sikutaka kukumbatiwa, nilitaka hoteli.

Ya kwanza ilikuwa kando ya ziwa, nzuri kama kadi ya Krismasi, lakini mlima ulikuwa nyuma ya jiko lao. Nikaikataa. Ya pili ilikuwa kubwa, ina mabwawa mawili, dirisha linautazama mlima vizuri kabisa, ila vitanda vimejengewa ukutani na kichwa kinaangukia dirishani. Ungelala umeupa mlima utosi. Neema alianza kuhema.

"Mamma, snälla, tafadhali, usianze na wewe. Ni hoteli."

"Baba yako angeuliza."

Akanitazama. Akasema, "Haya. Tuulize."

Ya tatu ilikuwa nyumba ndogo ya mbao, mwisho kabisa wa barabara, inaendeshwa na mama mmoja na mwanawe. Neema akapiga simu, akauliza swali lako neno kwa neno, mlima uko kichwani au miguuni. Nikasikia yule mama anacheka, si kwa dharau. Wakazungumza. Neema akaifunika simu kwa kiganja, hivyohivyo ulivyokuwa ukifunika wewe.

"Anasema kuna mmoja mbele, mmoja nyuma, na mingine pembeni huku na huku. Anauliza unataka upi."

Nadhani kwenu tangu dunia iumbwe hakuna mtu aliyewahi kuulizwa anataka mlima upi. Nikamwambia Neema achukue chumba hicho.

Tulifika na mawingu. Basi lilipanda likizunguka, na nje ya kioo kulikuwa kweupe tupu, tukasikia kengele za ng'ombe bila kuwaona ng'ombe. Chumba kilinukia mbao mbichi. Nilikisia mlima mkubwa uko wapi, nikamwambia Neema ashike mguu wa kitanda tukigeuze. Tulikiburuta kwa kelele hadi yule mama akapanda kuangalia. Alituona tumeinama, jasho linatutoka, akatazama kitanda, akatazama dirisha, kisha akashika upande wa pili akatusaidia kusukuma. Neema alicheka akalia, vyote kwa pamoja, mara ya kwanza tangu ulipofariki.

Asubuhi nilitoka kwenye baraza na taulo kichwani. Mawingu yalikuwa yameondoka.

Baba Neema, ile picha ya kabatini haikuwa imesema kitu. Ukuta wa jiwe ulikuwa umesimama pale mbele yangu, karibu, ukipanda, ukipanda, nami nikinyanyua kichwa mpaka taulo likaanguka, na bado haujaisha. Juu yake jua lilikuwa limefika na kwetu chini bado ni kivuli. Nikasema moyoni, huu ndio wa Baba Neema. Halafu nikageuka kulia. Kulikuwa na mwingine. Nikageuka kushoto, mwingine. Nikazunguka nyumba kwa ndala zangu kwenye umande, na nyuma yake kulikuwa na mwamba mwingine mkubwa, na ile nyumba imejengwa mpaka kuugusa. Kokote nilikosimama niliupa mmoja uso na mwingine mgongo. Nilitaka kukaa ninywe chai nikashindwa kujua nikae wapi. Nilisimama na kikombe mkononi hadi chai ikapoa, na sikuona haya. Nilijiona mdogo sana, na udogo huo haukuniuma hata kidogo.

Jioni ndipo ikawa zaidi. Jua lilipokuwa linashuka yale mawe yalianza kubadilika, kwanza manjano, halafu rangi ya ndani ya pera lililoiva. Milima yote, pande zote. Wageni wengine walisimama na sahani zao mikononi. Neema alisema kwa sauti ndogo, "Pappa skulle ha sett det här." Yaani wewe ungepaswa kuyaona haya. Nikachukua simu nikampigia wifi kwa video, mimi mwenyewe, bila kungoja yeye anipigie.

Kwao ulikuwa usiku tayari, alikuwa uani kwenye mbalamwezi, taa ya mlangoni nyuma yake. Sikumsalimu, niligeuza simu tu. Akasogeza uso karibu na simu.

"Wifi, zungusha."

Nikazungusha.

"Zungusha tena, polepole." Nikazungusha tena. "Yote hiyo?"

"Yote."

"Sasa wakubwa wa huko wanakaa upande gani?"

"Wanakaa popote, wifi. Hakuna upande wa chini."

Alicheka, Baba Neema. Dada yako alicheka mpaka khanga ikamwanguka begani. "Kaka yangu hapo angeshindwa kula! Angezunguka na sahani yake kama kuku aliyefungwa kamba!" Nami nikacheka, tukacheka sana, yeye Machame na mimi huko, na milima ikizidi kuwa myekundu.

Halafu akasema, "Ngoja. Rudisha simu kwenye nyumba. Hiyo nyumba mbona imeupa mwamba mgongo?"

Nikamwita Neema, Neema akamuuliza mwenye nyumba. Akasema babu yake ndiye aliyejenga hapo. Wengine walijenga uwanjani ili waone vizuri, na upepo wa baridi ukawasumbua miaka yote. Yeye aliuweka mwamba mgongoni, na nyumba ikatulia. Nikamweleza wifi hivyohivyo.

Nilimwona anatazama pembeni, na nilijua anatazama nini, kwa sababu kutoka uani kwenu kuna kitu kimoja tu cha kutazama mbalamwezi ikiwaka. Niliogopa. Nikajua ataniuliza kama bado unaangalia kulekule, na kwamba safari hii sitaweza kujibu.

"Wifi," akasema, "kaka yangu hajaupa mlima mgongo. Ameuegemea."

Nikasema, "Ndiyo, wifi."

"Ameuegemea," akarudia, kama mtu anayejaribu kiti kabla ya kukaa. "Haya, nipe Neema nimsalimie."

Ni hivyo tu. Nilimpa Neema simu nikaenda kukaa kwenye benchi lililo kando ya ukuta, nikaweka mgongo wangu kwenye mbao zilizokuwa bado na joto la mchana, na nyuma ya mbao kulikuwa na mwamba wote ule. Nilikaa hapo hadi rangi zikaisha.

Jana, baada ya kanisa, nilikuja kwako. Siku zote husimama mbele ya jiwe, nikikutazama wewe. Jana nilizunguka, nikakaa kwenye nyasi kando yako, nikaelekea unakoelekea. Sikuwahi kufanya hivyo. Kumbe una njia ya baiskeli, Baba Neema. Kuna miti myeupe, na kati ya miti unaonekana uwanja wa shule, na watoto walikuwa wanagombania mpira kwa Kiswidi na kwa lugha nyingine ambayo sikuitambua. Mmoja alianguka, akainuka, akaangalia kama kuna mtu amemwona. Nilikaa sana. Nilitaka kujua kila kitu unachokiona.

Lala ulivyolala, mume wangu. Nitakuja Jumapili, nikae upande huohuo.

Ni mimi mkeo,
Mama Neema