Pazia Jeusi Dukani Kwetu

Mshauri mpendwa, nakuandikia nikiwa na furaha nisiyojua niiweke wapi, maana nimeolewa juzi tu na fundi cherehani ambaye akinitazama juu ya miwani yake nasahau hata kutunga uzi kwenye sindano, na sasa tunashona pamoja, cherehani yangu na yake zikitazamana, katika kile kiduka cha sokoni kilichovunjika vioo magaidi walipolipua bomu. Tumeweka vioo vipya, na Jumamosi tunafungua. Shida ni baba mkwe. Alikuwa kijana nchi ilipovamiwa, ndege za adui zikipita juu, na kilichowaokoa ni kuzima taa, basi ametundika pazia jeusi dirishani na anataka tushone tumejifungia.

“Sisi tulipigwa na jeshi zima,” ananiambia, “nyinyi mnatetemeshwa na vijana wachache wenye mabegi.”

Mume wangu akamuuliza, “Sasa baba, kama si kitu, pazia la nini?”

Mzee akasema, “Adui wetu alivaa sare, tulimtambua kwa macho.”

Tangu hapo hawasemezani, na kipenzi changu hata kula hali. Naomba msaada, mshauri, sitaki kuwa mjane kabla picha za harusi hazijatoka. Hatari ipi kubwa, ya baba au yetu? Tufungue au tujifiche?

Bibi Harusi wa Sokoni

*

Bibi Harusi, hongera. Sasa futa machozi unisikilize.

Mkweo hakukosea: hatari yake ilikuwa kubwa zaidi. Jeshi lile lingeweza kuichukua nchi nzima, ila halikufaulu. Hawa wanaua, na wafu wetu tunawalilia, lakini nchi hawana ubavu wa kuichukua, labda tuwakabidhi wenyewe kwa kujifungia. Alichokosea mzee ni dawa. Giza lilimficha yeye asionwe na ndege; leo litamficha mwenye begi.

Na wewe binti, unaniandikia mimi wakati mzee yuko hapo hapo dukani? Kamwambie haya kwa heshima.

Ondoeni pazia. Geuzeni cherehani zitazame mlango. Kutazamana mtatazamana nyumbani. Begi lisilo na mwenyewe msiliguse, mwiteni askari. Mzee mpeni kiti mlangoni, kwani aliyekesha akichungulia anga zima hatashindwa na uchochoro mmoja. Na pazia lile ni kitambaa kizuri. Mshonee suti, aivae Jumamosi, awakatie utepe.