Chupa Iliyokataa Kulia

Malinya, Ikolomani
Alhamisi, saa kumi jioni

Dada Sellah,

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote. Hata kwenye maombi nimekuwa nikilizunguka kama kuku anayekwepa mvua. Ile chupa ya Anko Erastus, niliifungua mimi.

Sasa nikusalimu, maana Mama husema barua isiyo na salamu ni kama mgeni anayeingia bila kubisha. Hujambo wewe, na miguu yako inayozungusha wageni msituni huko Isecheno? Kile kikohozi kilikwisha? Sisi hapa miili ni mizima. Fahali wa Kuka, babu yetu, anakula vizuri, mahindi yametoa ndevu. Lakini hatuaminiani tena. Mama anafunika sufuria na kuweka jiwe juu, na Kuka huyachota maji yake mwenyewe mtungini huku akiangalia nyuma. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu ni ya Mama, na Mama husoma kila kitu. Tevin atakuletea kesho akija huko na pikipiki.

Najua umesikia nusu tu. Anko alikuja kutoka Nairobi, kwenye kile kiwanda kidogo wanachopikia bia watu sita tu, akaleta chupa moja ya bia ya shayiri iliyolazwa mwaka mzima. Alimweleza Kuka kwamba inaishinda pombe yetu ya busaa mbali kwa ukali, na kwamba mtu huinywa kidogo kidogo kama dawa. Kuka akasema ataifungua Jumamosi mbele ya wazee, wajue mwanawe ana kazi ya mikono. Nilifurahi, kwa sababu kabla ya hapo walikuwa wamegombana juu ya shamba. Anko alitaka akatiwe sehemu yake, Kuka akamuuliza kama ana haraka ya kumzika.

Siku iliyofuata Mama alienda mazoezi ya kwaya, Kuka akapeleka fahali mtoni, nikabaki na chupa kabatini. Sikutaka kulewa, Dada. Unajua Anko ni mnyamavu kama mimi, lakini alipoieleza hiyo bia aliongea nusu saa bila kukwama. Nilitaka kujua ni nini kilichomo ndani yake. Nikaifungua kwa mpini wa kijiko. Ilinukia kama pale wanapochemsha sukari nguru, na rangi yake ilikuwa nyekundu ya kuungua. Mdomoni ni nzito, tamu kwanza, halafu chungu, halafu joto linapanda mpaka masikioni. Nilikohoa, nikaapa basi. Nikaonja tena. Nilipoangalia, nusu kikombe ilikuwa imekwenda.

Jumamosi wazee wakaketi. Desturi unaijua: anayeleta pombe ndiye hutangulia kuonja, wengine waone kwamba kifo hakimo. Anko akakibandua kifuniko, na chupa haikulia. Bia ya chupa huwa inatoa ile pss, hii ilinyamaza kama mimi darasani. Mzee Joash, yule jirani wetu asiyepitwa na kitu, akaokota kifuniko, akakigeuza, akasema kimepinda kama mguu wa jogoo wake, na kwamba kwao kitu kikifunguliwa mara mbili huulizwa mara mbili. Walicheka, lakini hakuna aliyesogeza glasi yake. Anko akasema basi yeye anaonja. Akaonja. Halafu akatema.

Alitema chini, mbele ya baba yake. Akasema hii si bia aliyoipika, kuna kitu kimeingia. Alisema kama fundi anayejua kazi yake, lakini wazee waliona mtu anayetema pombe aliyoileta mwenyewe. Kuka hakupandisha sauti. Aliuliza tu kama hicho kitu kiliingia kwa miguu. Mzee Joash akasema heri angemletea mzee kamba ya kujinyongea, kamba haipikwi mwaka mzima. Bia ikamwagwa chooni. Sasa Anko analala kwa rafiki yake hapo sokoni, na Jumamosi hii ukoo utakaa kumtangazia kwamba hana shamba wala nyumba hapa kwetu.

Tangu siku hiyo Kuka hali chochote mpaka nionje mimi kwanza. Alimwambia Mama kwamba katika boma hili anaamini mdomo mmoja tu, wa mtoto asiyeweza kusema uongo kwa sababu hata ukweli huwa hausemi. Naonja uji, naonja mboga, naonja chai. Kila nikimeza ananitazama koo.

Na kilichoingia kwenye chupa, Dada, ni chai. Nilipoona imepungua nilichemsha majani bila maziwa, nikaiacha ipoe, nikajaza mpaka shingoni, nikagonga kifuniko kwa jiwe. Niliona rangi zinafanana. La mwisho ndilo linanikosesha usingizi: nadhani Anko anajua. Jumatatu alinikuta kisimani, akaniuliza siku hizi tunanunua majani ya chai ya aina gani. Nikazidi kuchota maji. Akanitwika mtungi, akasema nisome kwa bidii. Hajamwambia mtu. Sijui kama ananifichia siri au ananingoja.

Tafadhali njoo Jumamosi kabla ya saa nne. Ukae karibu nami, na wakianza kumhukumu unifinye mkono kwa nguvu. Mimi mwenyewe sauti yangu naijua, lakini nikifinywa nitapiga kelele, na nikishapiga kelele wote watageuka, itabidi niseme.

Msalimie Maurine mnayeishi naye, umwambie bado ninavaa kile kitambaa alichonipa. Mungu akulinde na nyoka wa msituni.

Ni mimi mdogo wako,
Navalayo

Nilikuwa naikunja, lakini nasikia fimbo ya Kuka uani, na kijiko kinagongagonga kikombe. Ni chai yake ya jioni. Anakuja niionje. Ameshafika mlangoni, naificha hii ndani ya sk