Gitaa Lako Limehamia Dirishani

Mpendwa mdogo wangu Domo,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama watoto na watoto wenyewe, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako anakusalimu sana, na ameniambia nisiifunge bahasha hii kabla hajaisoma. Miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kujali ninachoandika, kwa hiyo ujue kuna jambo. Tafadhali usiruke mistari kama ulivyozoea.

Kabla ya mengine yote, nakuomba: ikiwa fundi wa studio bado hajaigusa rekodi yako, mwambie asiiguse. Ikiwa ameshaanza kulileta gitaa katikati kama nilivyokuagiza, aache hapo alipofika. Najua mmekosana kwa sababu ya maagizo yangu, na najua ulichukua upande wangu kwa kuwa tangu utoto umeambiwa kwamba mwenye sikio nyumbani kwetu ni mimi. Nitakueleza kilichotokea. Maelezo ni marefu na hayanipendezi.

Nilikwambia nimenunua stirio mpya, amplifaya nzito ajabu na spika mbili zinazonifika kifuani. Mashine kama hiyo huipimi kwa muziki wowote unaookota. Unahitaji rekodi za kipimo, chache tu, unazozijua vizuri kiasi kwamba mashine ikidanganya unaikamata papo hapo. Hadi hapo mambo yana akili. Upumbavu unaanza pale unapowakaribisha watu wengine wazichague pamoja nawe.

Watu wenyewe ni wawili. Wa kwanza ni daktari wa meno anayekaa ghorofa ya juu yetu, mtu ambaye muziki ukianza tu hufumba macho na kuinua kidole, utadhani amemfumania mpiga ngoma akikosea. Rekodi aliyoileta haina wimbo. Ni ngoma tupu, upande wa kwanza na wa pili, na sifa yake pekee ni kwamba inatikisa vioo. Shemeji yako alikuja akazitoa glasi zake kabatini moja moja, akazipeleka jikoni, akafunga mlango. Daktari hakumwona kwa sababu macho yalikuwa bado yamefumbwa.

Wa pili ni wakili mstaafu, ambaye hata akiomba maji anatoa hoja. Huyo alileta santuri isiyo na muziki hata kidogo: treni inaingia kutoka pembe moja ya chumba na kutokea pembe nyingine. Nikamuuliza kama ni mpenzi wa safari za treni. Akasema hapana, anazichukia. Basi tukakaa watu wazima watatu, suruali zimepigwa pasi, tukisikiliza treni ambayo hakuna anayeitaka. Na ilipopita, wenzangu wakageuza vichwa pamoja, taratibu, kama watu wanaotazama mpira wa meza. Nami nikageuza changu, nikichungulia walivyogeuza vyao.

Hapa nataka unielewe vizuri, mdogo wangu. Tangu nianze kukaa na watu wa stirio nimewasikia wakisema kwamba mwimbaji amesimama hapa, tarumbeta iko kule, kinanda kipo nyuma karibu na pazia. Nilijua wanatia chumvi. Sauti ni sauti; inatoka kwenye spika inajaa chumba, basi. Niliona ni lugha yao ya kujikweza, na kwa kuwa si vigumu, nami nikajifunza kuisema. Niliisema vizuri kuliko wao. Mwenye kidole akisema tarumbeta imekaa kushoto, mimi naongeza kwamba imekaa kushoto ila imerudi nyuma kidogo, na wote wanatikisa kichwa. Nilikuwa nikirudi chumbani nacheka peke yangu. Watu wenye vyeti ukutani, nao wanaona hewani watu wasiokuwepo.

Ndipo ikaja rekodi yako, ile nakala ya majaribio uliyonitumia. Nilipendekeza iwe mojawapo ya zile za kipimo, si kwa sababu ni nzuri sana (wimbo wa tatu bado unakimbia mbele ya mpiga ngoma wako, na nilishakwambia), bali kwa sababu gitaa lako nalijua tangu lilipokuwa ubao na nyaya za breki ya baiskeli. Tukaipiga. Daktari wa meno akafumba macho, kidole juu, akasema mwimbaji yupo mbele ya kabati, na ndugu yangu mwenye gitaa amekaa kule kushoto, kwenye cherehani ya shemeji yako. Wakili akaafiki, akaongeza kwamba umeinama. Nikaitazama cherehani. Palikuwa na suruali yangu iliyokuwa ikingoja kupunguzwa.

Nilikasirika. Unaweza kunidanganya kuhusu treni, treni si jamaa yangu. Lakini wewe nakujua. Na siku chache baadaye, ulipoandika kuuliza kama gitaa libaki pembeni kushoto alikoliweka fundi au lije katikati na wengine, nilikujibu kwa hasira hiyo hiyo. Nilikwambia kushoto na kulia ni ujanja wa mafundi wa kulipwa kazi moja mara mbili, na kwamba umwambie yule punda awaweke wote katikati, mahali watu wanapokaa. Neno punda uliliwasilisha kama lilivyo, jambo ambalo halikuwa lazima.

Halafu nikaamua kuwaumbua wale wawili. Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Kabla hawajaja nilikwenda nyuma ya amplifaya, waya wa spika ya kulia nikauchomeka kushoto na wa kushoto kulia. Niliazimia kuipiga rekodi yako, kungoja waseme upo kwenye cherehani, kisha niwaonyeshe nyaya na kuwapa makoti yao. Nilikuwa nimeshatunga hata maneno ya kuwaaga. Yalikuwa mazuri sana na sasa yamepotea bure.

Wakaja, wakakaa. Nikaipiga. Wimbo ukaanza, na kwangu mimi gitaa likasikika lilelile, labda kali kidogo kuliko siku nyingine. Daktari wa meno akafumba macho, akainua kidole, kisha akafumbua macho na kidole kikabaki juu hakijui pa kwenda. Wakili akaziangalia spika, akaniangalia mimi, akajitia kukohoa. Nami nikauliza kwa sauti ya upole ndugu yangu leo amekaa wapi. Nikadhani nimewapata.

Hapo akaingia shemeji yako na sinia la vikombe. Unamjua. Huyo kwake stirio ni kabati mbili zinazokusanya vumbi na kuzuia mlango. Hajapata kukaa nasi hata kwa wimbo mmoja. Akaweka sinia, akasimama kidogo, akasema kama mtu anayeuliza nani amesogeza kiti:

“Mbona leo shemeji anapigia kule dirishani? Siku zote si huwa hapa kwenye cherehani?”

Yule hana kidole cha kuinua, Domo. Hana anayetaka kumringia. Alisema alichosikia, akatoka kwenda kuleta sukari.

Wageni waliondoka mapema, kwa adabu iliyoniudhi kuliko kama wangecheka. Nikamwita shemeji yako sebuleni, nikamuuliza alikuwa anamaanisha nini. Akanishangaa. Akasema sauti inatoka mahali, hivyo tu, kama mlango ukigongwa unajua ni mlango gani. Nikamwambia mlango ukigongwa najua kwa sababu tuna mlango mmoja. Akaniambia nifumbe macho. Akachukua funguo, akavua viatu, akawa anazungukazunguka sebuleni akizichezesha, nami nionyeshe kwa mkono alipo. Kila mara nilionyesha kulia. Nilipofumbua macho mara ya mwisho mkono wangu ulikuwa umeelekea dirishani, naye alikuwa kushoto kwangu, karibu sana, funguo zikining'inia kando ya shavu langu.

Hakucheka. Akakaa kwenye mkono wa kiti, upande wa kulia, akaniambia jambo ambalo sikulijua. Kwamba mwaka wetu wa kwanza wa ndoa alikuwa akizungumza nami mezani na kitandani, mimi kimya, akalia sana, akadhani nimeshamchoka. Kisha akagundua kwamba akikaa kulia najibu. “Nilifikiri una upande wa kunisikiliza na upande wa kunipuuza,” akasema, “nikaona afadhali nihamie upande wa kunisikiliza.” Toka siku hiyo anakaa kulia. Mimi nilidhani anapenda kuwa karibu na dirisha.

Nilikwenda kwa daktari wa masikio. Alikuwa mwanamke mpole, na upole wake nao niliudharau, kwa kuwa nilishahisi atakachosema. Sikio la kushoto limekufa. Nikamuuliza tangu lini, nikitumaini atasema uzee, maana uzee una heshima yake. Akaniuliza kama nikiwa mdogo niliwahi kuugua ugonjwa wa kuvimba mashavu. Nikakumbuka mama akinifunga kitambaa kuzunguka kichwa, na wewe ukitambaa chini ya kitanda. Sikuwa hata nimeanza shule. Akasema basi ni tangu hapo, na kwamba mtoto hawezi kujua amepoteza kitu ambacho hakumbuki kuwa nacho.

Kwa hiyo jua kwamba kaka yako, aliyewacheka watu wenye redio za spika moja, hajapata kusikia stirio maisha yake yote. Nimewahi kununua vile vya kuvaa masikioni, upande mmoja ukawa bubu, nikavirudisha dukani na kumtukana muuzaji. Nikanunua vingine, vikawa vilevile, nikamtukana na huyo. Wale wawili walikuwa wanakuona kweli pale kwenye cherehani. Umeinama kweli, naamini. Ni mimi niliyekuwa nikiongopa, na nilikuwa naongopa vizuri kuliko walivyosema kweli. Hata hivyo ile treni bado ni upuuzi, na hilo sitalifuta.

Na fundi wako si punda. Mwambie alirudishe gitaa kushoto alikoliweka, na umwambie neno la radhi kutoka kwangu, kwa maneno yako, mafupi.

Lakini sikukaa kuandika barua kwa ajili ya gitaa, gitaa lingetosha kwa simu. Unakumbuka tulivyokuwa tukienda shule asubuhi. Mama aliagiza mimi nitembee upande wa magari, wewe upande wa ukuta, na ukuta ulikuwa kushoto. Malori yote ya barabara ile yalipita kwenye sikio langu zima. Siku ile tuliyogombana baada ya kumzika baba ulisema mbele ya watu kwamba nilikudharau tangu utoto. Ulisema ulinieleza njiani mambo yako yote, asubuhi baada ya asubuhi, hata la yule mwalimu na alichokuwa akikufanyia, na kwamba uliniomba nimwambie baba, nami nikaendelea kutembea nikitazama mbele. Nilikujibu kwamba Domo ni Domo. Nilisema hivyo kwa sababu habari ya mwalimu nilikuwa naisikia kwa mara ya kwanza siku hiyo, penye kaburi, nikadhani unazua. Maisha yangu yote, mtu akisema kitu ambacho sikukisikia, nimedhani anazua.

Nimekudharau kwa mengi, mdogo wangu. Jinsi unavyoshika pesa, wanamuziki unaowaokota, lile koti la jukwaani. Mengi kati ya hayo sina nia ya kuyaacha. Lakini lile la njiani halimo. Sikukusikia. Ningekusikia ningemwambia baba, na baba angekwenda shule siku ile ile, unamjua. Naumia kwamba uliyabeba yale peke yako na kaka yako ameshika mkono wako.

Baba aliniita Sikio, hakuniita Masikio. Nadhani hakujua alichosema.

Shemeji yako ameshaisoma hadi hapa na amesema niache kama ilivyo. Anakuuliza unapenda chumba kipi, kwa maana ameamua kwamba unakuja. Wasalimie watoto, mmoja mmoja kwa jina lake, na mwambie mama yao kwamba zile picha zimefika. Nyaya nimezirudisha mahali pake na suruali nimeiondoa kwenye cherehani.

Ukija, tutembee pamoja asubuhi moja hadi kule shuleni na kurudi. Safari hii uwe kulia kwangu. Anza na yule mwalimu.

Ni mimi kaka yako,

Sikio