Kisu Nilichomchagulia Hamisi

Selemani, mdogo wangu,

Mungu akupe nafasi pana huko uliko. Hapa Rutamba mvua zimewahi, mihogo yako ya bondeni imesimama vizuri, na mkeo amemaliza eda yake salama. Binti yako Somoe ameshavuna asali ya mizinga ile ya mbali. Habari hizi nimezitanguliza kwa sababu inayofuata ni nzito kuiandika.

Nimekusingizia, Selemani. Nimesema kwamba ulisema neno ambalo hukulisema, na mtoto wa dada yetu ameumia kwa sababu ya neno hilo.

Siku ya arobaini yako, baada ya dua, tulikaa barazani kugawa vitu vyako. Nyumba na mikorosho viligawanywa kama dini inavyoelekeza. Vitu vya porini tulivigawa kwa desturi ya wazee wetu wa Kimwera: mpwa huchagua kwanza, watoto wa marehemu hufuata. Visu vilikuwa viwili. Kimoja ni kile alichokuachia mgeni uliyemwongoza msituni, cheusi, chenye meno ya msumeno mgongoni na mpini ulio wazi ndani, wenye dira kwenye kifuniko. Kingine ni kile ulichofuliwa na fundi wa hapa kutokana na springi ya lori, chenye mpini wa mninga.

Hamisi, mpwa wetu, alivishika vyote viwili, kimoja baada ya kingine. Alikuwa ameanza karibuni kazi ya kulinda msitu wa kijiji, kazi ya kulala porini. Akaniuliza, "Mjomba, wewe unavijua visu. Kipi kitanifaa?"

Nilikuwa ninavijua. Baba alitufundisha sote wawili: tazama kwanza chuma kinaishia wapi ndani ya mpini, kisha pima kama mgongo utastahimili kupigwa kwa gongo unapopasua kuni, kisha jiulize kama makali yatarudi kwa jiwe la mtoni, maana porini hakuna tupa. Chuma cha kisu cha springi kinapita hadi mwisho wa mpini na kimefungwa kwa misumari ya shaba. Cheusi kinaishia kwenye skrubu moja fupi kama kucha. Wewe ulikiacha jikoni kikate vitunguu, na hata huko ulimtania mkeo: "Tazama dira, mama Somoe, usije ukapotea njia ya kwenda kwenye sufuria."

Nikamtazama Somoe, aliyekuwa amekaa mlangoni. Ndiye aliyekuwa akitundika mizinga pamoja nawe, na sasa angekwenda peke yake. Nikajua kwamba nikisema kweli, kisu kizuri kitaondoka. Nikamwambia Hamisi achukue cheusi.

Akasita. "Lakini marehemu siku zote alitembea na hiki kingine."

Hapo ndipo nilipokusingizia. Nilisema, "Mwenyewe aliniambia kwamba cheusi ndicho cha kutegemea siku ya shida. Hicho kingine ni cha kazi ndogo ndogo." Wazee waliokuwapo wakaitikia kwa kichwa. Nani angenibishia? Nilikuwa nimechagua shahidi asiyeweza kunikana.

Mvua zilipoanza, Hamisi na mwenzake walikuwa msituni. Kuni zote zilikuwa zimelowa, kwa hiyo akatafuta kigogo ili akipasue, apate vipande vikavu vya katikati. Aliweka makali juu ya kigogo, akaupiga mgongo wa kisu kwa gongo, kama ambavyo mimi au wewe tungefanya. Chuma kikang'oka katika mpini. Mkono wake wa kushoto, uliokuwa umeushika mpini, ukateremkia kwenye makali. Mwenzake alimfunga kwa shati, wakatembea hadi zahanati. Jeraha limepona. Kidole gumba hakikunjiki.

Nilikwenda kumjulia hali nikiwa nimejiandaa kulaumiwa. Akaniamkia kwa adabu, kisha akacheka: "Kisu kimeninyoa, Mjomba, lakini kosa ni langu. Nilikipiga kama ninaua nyoka." Dada yetu akadakia kutoka uani, "Huyu tangu utotoni hana mkono wa kazi. Selemani angemcheka." Hamisi akasema kwamba atakipeleka kwa fundi akichomelee, kisha arudi nacho msituni, kwa kuwa Mjomba Selemani alikiamini.

Nikanywa uji wao. Nikaondoka bila kusema.

Mkono ule, Selemani. Mama yake ndiye anayemfunga vifungo vya shati. Mtu mzima.

Juzi nilimweleza Somoe. Nilidhani kwamba atanishukuru kidogo kabla ya kunilaumu. Hakunishukuru. Alikuwa akichonga kizibo cha mzinga kwa kisu chako, akaacha. "Baba mkubwa, ungeniuliza. Ningemwomba Hamisi, naye angenipa. Hajawahi kuninyima kitu."

Ni kweli. Wamekua pamoja, wamekula sahani moja. Nilimhesabu binti yako kuwa hawezi kuomba, nikamhesabu mpwa wetu kuwa hawezi kutoa, halafu nikajiona mwenye huruma.

Akakifuta kisu, akakitia ndani ya ala, akakiweka mbele yangu. "Kile cheusi kisichomelewe, kitamkata tena. Achukue hiki. Mimi panga ninalo. Tutakwenda wote, lakini utasema wewe."

Kesho, baada ya swala ya Ijumaa, tutakwenda. Nimewaomba wazee walewale waliokuwapo barazani wafike kwa dada yetu. Nitasema mbele yao kwamba hukuniambia lolote kuhusu kisu cheusi, na kwamba nilijua tangu mwanzo kuwa hakifai. Sitasema kwamba nilifanya kwa ajili ya mwanao, ingawa ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu wataanza kunihurumia, na Hamisi atakuwa wa kwanza. Akikataa kunitazama usoni miaka yangu yote iliyobaki, nitapokea. Akinisamehe papo hapo, nitapokea pia, ijapokuwa hilo ndilo ninaloliogopa zaidi.

Ninakuahidi kwamba sitalitumia tena jina lako kupitishia maneno yangu. Lala kwa amani, mdogo wangu. Kuanzia kesho uongo ule hautakuwa wako tena. Utakuwa wangu, na watu wote watajua.

Kaka yako,
Mohamedi